Bei ya Vivuli

Elfu thelathini na mbili, mia nne na sarafu.
Tulizimwaga kitandani tukazihesabu mara tatu,
maana Musyimi haamini hesabu inayokubali mara ya kwanza.
Miezi kumi na mmoja yangu ya kushona sare za shule,
miezi kumi na mmoja yake ya kuosha magari Umoja,
na mia tano ya shangazi aliyesema, "Nunueni kitu cha maana."

Orodha tuliiandika nyuma ya risiti ya kodi ya nyumba:
prosesa, ubao mama, ramu, diski,
kadi ya picha, pawa, sanduku.
Kando ya kila neno, bei.
Kando ya kila bei, mguno.
Usiku kucha tulikata, tukaongeza, tukakata,
kama watu wanaogawana kuku mmoja:
ukimpa huyu paja, yule anabaki na shingo.

Luthuli, Jumamosi, saa nne.
Spika za kila mlango zinatukanana.
Ngazi tatu juu, duka la Dekow, pana kama kabati.
Hakutusalimu. Alinyoosha mkono, akaomba karatasi,
akaisoma kama daktari anayesoma picha ya mapafu.
"Hii ni ndoto," akasema. "Nzuri. Haina pa kulala.
Mmenunua kadi ya mfalme, mkaipa pawa ya mwombaji.
Siku stima ya Umoja itakaporuka,
na huruka,
itaondoka na ukoo mzima."

"Rahisi huvunja upishi," nikanong'ona.
"Na ghali," akajibu, "huwalaza wapishi njaa."

Chini ya meza akavuta mashine ya ofisi,
ya kijivu, imevuka bahari, ina makovu pembeni.
Ubavuni, kibandiko cha Kiingereza:
mali ya nyumba ya mazishi, Leeds, nambari kumi na nne.
Musyimi akarudisha mkono mfukoni.
"Ilikuwa ikiandika majina ya marehemu," Dekow akasema,
"na marehemu hawana haraka.
Humu ndani mna nguvu ambazo hazijaguswa."

Kadi ikawa fupi, ya feni moja,
inayonyonya umeme wa ubao wenyewe, haidai waya.
Ramu, vipande viwili vya nne, si kimoja cha nane:
maksai wawili, jembe moja, nyumbani Mwala tunalijua hilo.
Diski ndogo isiyozunguka.
Pawa mpya, nzito; hiyo hatukubishania.
Sanduku la kioo lenye taa nyekundu na buluu
Musyimi alilitazama kama mchumba aliyeolewa na mwingine.
Akaliaga kwa macho.
Tukabaki na mia sita hamsini
na njaa.

Skrini hatukununua. Ipo televisheni ya mama,
kwa sharti: saa moja ni taarifa ya habari,
hata kama mpira uko kwenye nyavu.

Jioni ile wachezaji walitembea kama waliokanyaga uji.
Picha kumi na tisa kwa sekunde.
Tukampigia Dekow. Alikuwa akila, tukasikia kijiko.
"Zimeni mvua. Zimeni mashabiki.
Zimeni vivuli."
Kata, ongeza, kata.
Hamsini na nane!
Musyimi alipiga goli, akasahau kushangilia.

Mama akaingia na vitenge vya kwaya mkononi.
Akasimama nyuma yetu muda mrefu.
"Mbona hawa watu hawana vivuli?"
Kibandiko cha Leeds kilikuwa kikimtazama.
"Vivuli ni elfu kumi na mbili, mama,"
Musyimi akasema bila kugeuka.

Akavuta kiti.
Saa moja ikafika, ikapita,
hakuna aliyeitaja.
"Mpe yule wa kulia," akasema mama.
"Yule pale. Yuko peke yake tangu zamani."